Swali la mwalimu wa Njombe: kwa nini supu yangu ya mboga inatoka maji matupu?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nimezaliwa na kukulia Pangani, na tangu mwezi wa tatu nimehamishiwa Njombe. Baridi ya huku sijapata kuiona maishani. Nyama nimeiacha kwa ushauri wa daktari, na mboga huku ni nyingi na bei yake nafuu, kwa hiyo kila jioni nabandika supu: karoti, viazi, kabichi, nyanya na kitunguu, vyote pamoja. Lakini inatoka maji matupu, inanuka kabichi, viazi vimevurugika na karoti bado ngumu. Maharage ndiyo usiseme, yanakaa motoni saa tatu na bado yanagoma. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole na baridi. Naanza na maharage, maana hapo huna kosa.

Kwenu Pangani, ukingoni mwa bahari, maji huchemka kwenye digrii 100. Njombe mjini pako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ya pwani, na maji huanza kuchemka mapema, kwenye digrii 93 hivi. Kwa hiyo unaona sufuria inatokota, mapovu yanarukaruka, unadhani mambo yamekolea, kumbe joto lililomo ni pungufu ya lile ulilolizoea nyumbani. Na ukiongeza kuni au mkaa, joto la maji halipandi hata chembe. Maji yanakauka tu na mkaa unateketea. Mimi nimepika miaka mingi katika jiko la shule ya bweni Lushoto, ambako ni mita 1,400 hivi, na hata huko wapishi waliokuja kutoka Tanga mjini walilalamika kwamba maharage ya mlimani yana ukaidi. Maharage ni yaleyale. Kilichobadilika ni maji.

Dawa yake ni muda, mfuniko unaobana, na kuyaloweka vizuri. Usiku wa Njombe mwezi wa Juni maji ya ndoo ni kama ya barafu, na maharage yaliyolowekwa kwenye maji ya namna hiyo hayanywi maji sawasawa. Loweka kwa maji ya vuguvugu, funika, weka mahali penye joto kidogo, uyaache mpaka asubuhi. Yale maji yamwage. Bandika kwa maji mapya, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi, ndipo upunguze moto. Hizo dakika kumi usizikwepe, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayosokota tumbo na kutapisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Magadi wengi huyatia ili yalainike haraka. Mimi sikushauri, hula vitamini na huacha ladha ya sabuni, ambayo kwenye supu isiyo na nyama haina mahali pa kujificha. Ukipata sufuria ya presha, nunua. Kwa mtu anayeishi Njombe au Makete naihesabu ni kifaa cha lazima, maana ndani yake maji hupanda kupita digrii 100 hata juu ya mlima. Na chagua maharage ya msimu huu. Yaliyokaa stoo miaka miwili hayalainiki hata ukiyaombea.

Sasa tuje kwenye supu yenyewe, ambapo ndipo penye kosa.

Sisi tukisema supu, bila kuongeza neno, tunamaanisha ile ya asubuhi: ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kongoro, na chapati pembeni, ndimu iliyokatwa na pilipili. Ulimi wetu umelelewa na supu hiyo. Fikiria inakupa nini. Inakupa mafuta yanayoelea juu kwa vijiduara. Inakupa uzito mdomoni, ule utelezi unaotoka kwenye mifupa na mishipa iliyochemka muda mrefu. Inakupa chumvi iliyokolea, na mwisho unakamulia ndimu, yote yanaamka. Halafu jioni unajitilia bakuli la mboga zilizochemshwa: hakuna mafuta, hakuna uzito, chumvi ya kubahatisha, ndimu hakuna. Lazima useme ni maji matupu. Mboga zinaweza kukupa vyote hivyo, lakini haziwezi kukupa kwa kuchemka tu. Nyama ukiichemsha peke yake inajitengenezea supu; mboga inabidi uiunge.

Na kuunga unakujua, maana Pangani nzima inaunga. Maharage mnachemsha halafu mnaunga, kisamvu mnachemsha halafu mnaunga. Kwa supu ya mboga geuza mpangilio: unga kwanza, maji baadaye. Hili ndilo ninalotaka ulishike hata kama mengine utayasahau.

Kwa watu wanne, au wewe peke yako kwa siku mbili, chukua vitunguu maji viwili vikubwa. Huko Njombe liki, zile jamaa za kitunguu zenye majani marefu, zipo sokoni. Ongeza moja, ipasue katikati kwa urefu uioshe vizuri kwa sababu hubeba udongo katikati ya majani. Mabua mawili ya seleri, na majani yake uyaweke kando. Karoti moja kati ya tatu ulizonazo. Vyote hivi katakata vidogo sana, kama unakata kachumbari. Weka sufuria nzito jikoni, mafuta ya alizeti vijiko vikubwa vitatu. Usiyaonee huruma mafuta hayo. Rangi ya njano iliyomo kwenye karoti huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Ndiyo maana karoti iliyokaangwa huipa supu yote rangi ya jua, na ile iliyochemshwa hubaki na rangi yake peke yake huku maji yakiwa meupe. Tena mwili wenyewe huihitaji ile rangi pamoja na mafuta ili uigeuze kuwa vitamini A.

Mafuta yakipata moto kiasi, mimina vitunguu na wenzake, tia chumvi kidogo, koroga, kisha ondoa nusu ya makaa au yafunike kwa majivu. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Wanakaanga dakika mbili kwa moto mkali, kitunguu kinaungua pembeni na ndani kibichi, wanamwaga maji. Wewe mpe kitunguu robo saa. Sikiliza sufuria. Mwanzo itapiga kelele, hiyo ni maji ya kitunguu yanatoka na kuruka kwenye mafuta. Chumvi uliyotia ndiyo inayoyavuta yatoke haraka. Baada ya dakika sita, saba, kelele inashuka na kuwa kama mtu anayenong'ona, na harufu kali inayotoa machozi inaondoka, inakuja harufu tamu. Kitunguu kitakuwa kinaonyesha ndani kama kioo, kimesinyaa kimebaki nusu. Endelea kukoroga taratibu. Chini ya sufuria utaona utando wa kahawia unaanza kushika. Usiogope, huo si ukoko wa kutupa. Ndiyo ladha yenyewe, sukari ya kitunguu na karoti iliyoiva. Ukianza kuwa mweusi nyunyiza maji kijiko kimoja, ukwaruze kwa mwiko, urudi kwenye mchezo. Utando huo ndio utakaoshika nafasi ya mfupa.

Kikishakuwa rangi ya asali, tia saumu punje nne na tangawizi kipande sawa na kidole gumba, vyote vimetwangwa. Hivi huungua upesi, basi nusu dakika inatosha, mpaka harufu ikujie usoni. Ukipenda binzari ya manjano, nusu kijiko cha chai, ingiza hapo hapo ikutane na mafuta. Kisha maji, lita moja na nusu, na yawe yamekwisha kuchemka kwenye birika. Maji ya bomba ya Njombe mwezi Juni ukiyamwaga kwenye sufuria yanaizima kabisa, na utahitaji mkaa mwingine kuirudisha.

Kuhusu maji hayo, nina tabia moja niliyoipata Lushoto, ambako mboga zilijaa mpaka zikatupwa. Maganda ya karoti, mizizi ya giligilani, vichwa vya liki, uti wa seleri: osha vizuri, chemsha nusu saa, chuja. Maji hayo ndiyo uyatie kwenye supu badala ya maji meupe. Maganda ya viazi usitie, hasa yenye ukijani, na ya kabichi usitie kwa sababu nitakayokueleza sasa hivi.

Ulitia kila kitu kwa wakati mmoja, ndiyo maana kimoja kimevurugika na kingine kigumu. Kila mboga ina zamu yake. Karoti mbili zilizobaki zinaingia kwanza, zikiwa zimekatwa vipande vidogo vya kijiko, siyo yale magogo ya kitoweo; kwenye maji ya digrii 93 ukubwa wa kipande ndio unaoamua utakula saa ngapi. Wape dakika kumi. Kisha viazi mviringo vinne vya ukubwa wa ngumi. Viazi vitatu vikate vipande vya kawaida, na kimoja kikwangue kwenye kikwangulio kile cha karoti, kidondokee moja kwa moja kwenye sufuria. Hicho kilichokwanguliwa kitapotea kabisa, utakitafuta hukioni, lakini wanga wake ndio utakaoifanya supu ishike kijiko. Huo ndio uzito niliokuwa nikiusema. Ukiwa na maharage yaliyokwisha kuiva, ponda upawa mmoja ukoroge humo, utaona tofauti ambayo hakuna unga wa ngano utakaokupa. Unga hufanya supu iwe uji.

Nyanya ulizitia mwanzoni, sivyo? Uchachu wa nyanya huvifanya viazi, karoti na maharage vigome kulainika. Ni kosa la kawaida sana na halisemwi. Ukilijumlisha na mlima wa Njombe, umejifungia milango miwili. Subiri mpaka kiazi kinachomeka kwa ncha ya kisu bila kupinga, ndipo utie nyanya tatu. Kama una kikaango kidogo, zikaange pembeni kwa kijiko cha mafuta mpaka zirojeke na mafuta yajitenge, kisha zimimine. Zina utamu wa ndani unaofanana na wa nyama, na huo hutoka zikikaangwa vizuri kuliko zikichemshwa.

Njegere mbichi, ambazo huko Njombe ni nzuri kupita kiasi, zinataka dakika nane hadi kumi za mwisho. Na kabichi ndiyo ya mwisho kabisa. Kabichi ina dawa yenye asili ya kiberiti ndani yake, na kadiri unavyoichemsha ndivyo inavyoiachia, ndiyo ile harufu iliyojaa nyumbani kwako na kwenye mapazia. Dakika tano hazitoi harufu hiyo; dakika arobaini huitoa yote. Chukua robo ya kabichi dogo, ikate nyembamba kama nyuzi, itumbukize, funua mfuniko hewa itoke, hesabu dakika tano au sita, epua. Itakuwa na utamu na bado inalia kidogo menoni.

Epua, usile bado. Tulia dakika kumi. Supu inayotokota ulimi hauwezi kuipima, na chumvi iliyowekwa kwa kuonja supu ya moto mkali mara nyingi huzidi. Mwanzo ulitia chumvi kidogo kwenye vitunguu, na wakati wa viazi ulipaswa kutia kijiko kimoja cha chai kwa lita hiyo na nusu, kwa sababu kiazi kisichoivia chumvini hubaki chapwa katikati hata uongeze nini baadaye. Sasa onja. Kama inaonekana imelala, haina kitu, usikimbilie chumvi. Chota supu kwenye kikombe, ikamulie matone ya ndimu, onja tena. Mara nyingi ndicho kilichokosekana. Kikombe hicho kikikupendeza, kamulia nusu ndimu kwenye sufuria nzima. Kisha giligilani na yale majani ya seleri, yamekatwa, na pilipili manga iliyotwangwa wakati huo huo. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani sina ugomvi navyo, ila sehemu kubwa yake ni chumvi. Ukitia kidonge, chumvi yako ipunguze. Na kama daktari aliyekukataza nyama amekupunguzia chumvi pia, msikilize yeye, ongeza ndimu na tangawizi.

Umeandika pia mwishoni mwa barua kwamba mafua hayakuachi na umeambiwa supu hutibu. Haitibu mafua, mwanangu. Ila mvuke wake hulegeza pua, maji yake na chumvi humrudishia nguvu mtu asiyetaka kula, na tangawizi hupooza koo linalowasha. Hiyo si kidogo kwa mtu anayeishi peke yake mbali na kwao.

Na hapa nakuomba sana, kwa sababu wewe umetoka pwani na jambo hili hukulelewa nalo. Watu wa nyanda za baridi wakimaliza kupika huingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Kila msimu wa baridi kuna wasioamka. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu husinzia kabla hajajua kinachompata. Hata makaa yaliyofunikwa majivu bado yanaitoa. Supu yako ikiiva, jiko litoke nje. Ukitaka joto la kitandani, jaza maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri, izungushie kitambaa, uiweke miguuni.

Supu iliyolala ni tamu zaidi kesho yake, viungo vinakuwa vimeshikana. Lakini baridi isikudanganye ukaiacha sufuria juu ya jiko usiku kucha kwa kuwa nje kuna sakitu. Ndani ya sufuria iliyojaa na kufunikwa, supu hubaki na uvuguvugu saa nyingi, na uvuguvugu ndio unaoichachisha. Ikae kwenye beseni la maji baridi, ambayo unayo ya kutosha, uikoroge mpaka ipoe ndani ya saa mbili, kisha kama huna friji iweke mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba. Asubuhi ichemshe itokote kweli kweli. Yenye povu au harufu ya uchachu imwage. Na kabichi ya siku ya pili itie mpya. Siku ya kwanza tia ya kuliwa siku hiyo tu.

Ukishaizoea hiyo, nakupa moja ya kukukumbusha kwenu. Likizo ukienda Pangani, rudi na nazi kavu tatu nne. Nazi isiyopasuka husafiri vizuri. Chukua boga la Njombe, lile lenye nyama nene ya rangi ya chungwa, kipande cha kilo moja. Unga vitunguu kama nilivyokueleza, bila nyanya, tangawizi izidi kidogo. Tia boga lililomenywa na kukatwa, ligeuzegeuze kwenye mafuta dakika tano mpaka kingo zianze kulegea. Zikune nazi zako, kamua. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, iweke pembeni, boga lipikie kwenye tui jepesi, na likipungua ongeza maji. Boga huiva haraka hata mlimani, dakika ishirini zinatosha. Liponde humo humo kwa mwiko, huna haja ya blenda, vibonge vichache vibaki. Chumvi, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, itoe harufu bila kuwasha. Punguza moto mpaka supu iache kutokota, ndipo umimine kasimile, ukikoroga upande mmoja. Isichemke tena, tui litakatika. Ukiona mvuke umeanza kupanda na mafuta ya nazi yanang'aa juu, epua, itoe ile pilipili, ukamulie ndimu na upakue.